Bango Juu ya Taa ya Swala

Jumatatu, 3 Machi
Makomredi! (Asomaye shajara hii ni mimi tu, lakini mapambano hayana faragha.) Leo tumesimika mtambo wetu kando ya barabara inayokatiza msitu wa chuo: kamera inayomhisi mnyama akaribiapo lami, na taa ya njano ya kumwonya dereva. Ofisi ya barabara imetupa siku nne. Tukishindwa, utang'olewa, na swala wataendelea kufa. Hata hivyo, naishukuru. Siku nne ni nyingi kwa mwanamapinduzi! Nimefunga bango kwenye nguzo: SWALA NAYE NI MWANANCHI. Limependeza mno.

Jumanne, 4 Machi
Taa inawaka! Mfululizo! Umma wa swala umeitika! Koleo, fundi wetu wa mwaka wa pili, akadai hakuna swala hata mmoja. Ni bango linalopepea mbele ya kamera. Wivu. Nilimjibu kwa hotuba ya dakika ishirini. Aliondoka katika ya tatu.

Jumatano, 5 Machi
Mama mdogo, dereva wa basi la wafanyakazi, aliyegonga swala mwezi uliopita nusura apinduke, amenicheka hadharani. Ati, mwanangu, taa yako inamkonyeza kila apitaye. Nani atamwamini mkonyezaji? Madereva hawapunguzi mwendo tena. Nimeumia. Ufumbuzi: bango la pili, la kufafanua la kwanza.

Alhamisi, 6 Machi
Tumeponea chupuchupu! Alfajiri Koleo aliyafungua mabango yote bila idhini ya kamati (kamati ni mimi). Taa ikatulia. Basi la mama mdogo likaja, na ghafla taa ikawaka. Alishtuka, akakanyaga breki. Swala na mwanawe wakavuka polepole, kama wenye barabara. Abiria thelathini, wazima! Ofisi imekubali mtambo ubaki. Mama mdogo akanikumbatia, akisema asante, mwanangu, umenirudisha kwa wanangu. Nikamwonyesha Koleo. Nikamwambia amshukuru yeye. Mimi!

Ijumaa, 7 Machi
Koleo hataki zawadi. Ameomba jambo moja tu: kisisogee chochote mbele ya kamera isipokuwa mnyama. Nimeapa kwa moyo mkunjufu. Lakini shukrani isiyo na umma ni mnong'ono! Makomredi mia mbili, kwa ngoma na matarumbeta, tutamchezea palepale kivukoni, ana kwa ana na kamera, ili swala nao washuhudie. Kesho, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Asikose mtu!