Yadi Zilizobaki Upande wa Kaskazini

12 Oktoba, Jumamosi

Jana tumeshinda. Leo nina huzuni. Hapa Caliche Flat mambo ndivyo yalivyo.

Brantley, mtoto wa dada yangu Darla, ndiye mrushaji wa timu ya shule yetu ya mpira wa Kimarekani, Mabeberu. Ana miaka kumi na saba. Mipira mifupi anaikabidhi kifuani mwa mwenzake bila kosa. Mpira mrefu ndio kitendawili. Jana alirusha mitatu na yote ikapungua. Mpokeaji alikimbia, akasimama, akarudi nyuma kuungojea. Jukwaa zima likaguna.

Asubuhi mkahawani kwa Wanda, hata mikate yangu na mchuzi mweupe sijaigusa, Royce Pickrell akaanza. Royce anauza chakula cha ng'ombe na maoni. Maoni anatoa bure. Akasema mkono wa Brantley ni wa tambi. Tambi! Tena zilizochemka zikapoa. Yule mtu wa chuo kikuu anayekuja Jumatano kumtazama, akasema, atageuza gari kabla injini haijapoa.

Nikasema mpwa wangu anarusha yadi hamsini akiwa usingizini. Sijui nani alinituma. Royce akauomba mkahawa wote ushuhudie: asipofika hamsini Jumatano, mimi Verlin Stubblefield nitavaa lile vazi la beberu la kushangilia timu Ijumaa nzima, kichwa, pembe na mkia. Akifika, atavaa yeye. Nikampa mkono. Mdomo huu utanizika.

Lakini vazi si kitu. Darla hana uwezo wa kumsomesha mtoto chuo. Wakimchukua kwa ajili ya mpira, atasoma bure. Wasipomchukua, atabaki hapa kufunga matairi kwangu. Na mkono wenyewe, upo au haupo? Nimeutazama miaka mitatu. Sielewi.

13 Oktoba, Jumapili

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata.

Mchora mistari wa uwanja wa mazoezi ni nani? Mimi! Najitolea. Mashine ya rangi ni ya shule lakini inalala karakana kwangu. Mstari mmoja kila yadi tano, na hakuna anayeupima. Hapa watu wanauamini mstari mweupe kuliko wanavyomwamini mchungaji. Mistari ikisogeleana, mpira utaenda mbali bila mtoto kuongeza nguvu hata chembe.

Nikamwambia mke wangu Nadine mgongo umenikamata. Akaenda kanisani peke yake. Mji wote ukiwa kwenye ibada, nikaingia uwanjani. Mistari ya zamani ilikuwa imeshafifia, bahati iliyoje. Nikaanza upande wa kusini, maana upepo wetu hutoka huko na Brantley atarusha akiwa ameupa mgongo. Kila nafasi nikaipunguza viatu viwili. Viatu vyangu, na mimi nina mguu mkubwa.

Kazi safi. Nilipopita katikati nikaona ajabu. Yadi zimebaki! Mbele yangu kulikuwa na nyasi nyingi kuliko mistari. Uwanja haukupungua, kilichopungua ni nafasi tu. Nani angejua? Nimekuna kichwa hadi kengele ya kanisa ikalia. Nikazigawa zote zilizobaki kwenye nafasi za kaskazini, karibu na mabasi ya shule. Kule hakuna anayetazama.

Mchana wanawake wa kanisa wameleta chakula cha mgonjwa. Mabakuli manne. Tambi na jibini, yote manne.

14 Oktoba, Jumatatu

Nimesahau bendi!

Bendi ya shule hufanya mazoezi kwenye uwanja huohuo. Wale watoto hawatazami chini. Hatua nane kutoka mstari hadi mstari, miguu yao inajua yenyewe. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikifunga tairi la trekta, nikausikia wimbo wa shule ukipata ajali. Upande wa kusini wameupita mstari kabla ya muziki. Upande wa kaskazini wanaruka kama wanavuka mitaro na bado hawafiki. Tarumbeta zikageuka, ngoma hazikugeuka. Kijana wa tuba amekalia klarineti ya mtu.

Bi. Cantú, mwalimu wa bendi, akanifuata karakana. Akauliza nimeufanya nini uwanja. Nikasema ni ukame, ardhi inanywea.

Akasema, “Bwana Verlin, huku inanywea na kule inarefuka?”

Nikasema udongo wetu una mambo. Akasema naye ana utepe wa kupimia. Simpendi kabisa huyu mama anapotulia.

15 Oktoba, Jumanne

Ushindi! Mazoezini Brantley amerusha kutoka kusini, upepo mgongoni. Mpira umepita mstari wa hamsini, ukapita na unaofuata. Wenzake walipiga kelele. Kocha alivua kofia, akaivaa, akaivua. Royce alikuwa kwenye uzio na mdomo wake umefungwa! Nimeutazama kwa raha kuliko mpira.

Jambo moja tu. Baadaye Brantley amekuja karakana, akakaa juu ya tairi. Akasema, “Mjomba, mbona mpira ni uleule, mkono ni uleule, halafu unafika mbali?” Nikamwambia ni imani. Akaukunja mkono, akaukunjua, akautazama kama wa kuazima. Kisha akacheka na kumpigia mama yake simu. Darla alilia hadi nikamsikia mimi.

Nimekosa raha. Sijui kwa nini, mambo yote yamekwenda vizuri. Labda ni tambi.

16 Oktoba, Jumatano

Mungu wangu.

Mgeni wa chuo amefika. Mtu mrefu, haongei. Akalamba kidole, akakiinua hewani, akasema upepo ni mkali, hataki umsaidie mtu. Kijana asimame kaskazini, arushe kuelekea kusini, upepo usoni.

Kaskazini! Nikasema kwa sauti kwamba kule kuna jua baya. Kocha akampeleka mtoto kaskazini.

Brantley akarusha. Mpira ulipaa, ukapigana na upepo, ukaanguka yadi moja tu kupita mstari wa arobaini na tano. Wa pili hapohapo. Wa tatu hapohapo. Uso wa mtoto ukazima. Mgeni akashukuru kwa adabu na kutoa funguo za gari mfukoni. Royce hakucheka. Alinishika bega akaniambia pole, na alimaanisha. Heri angecheka.

Hapo ndipo kichwa changu kikaamka. Yadi zilizobaki! Nimezirundika zote kule aliposimama mtoto. Amezirusha zote na hakuna anayemhesabia!

Nikakimbia uwanjani na mgongo wangu wa uongo. Nikapiga kelele kwamba yadi zimelala hapa chini, mistari ni ya uongo, mchoraji ni mimi. Mgeni akamuuliza kocha kama nina ugonjwa. Aliyenielewa ni Bi. Cantú tu. Akatoa utepe kwenye mkoba, wakapima. Hamsini na tatu. Mgeni akapima tena mwenyewe. Hamsini na tatu, upepo usoni! Akasema mkono upo, tena mzuri. Tatizo la mpira mrefu, alivyoona kwenye video za mechi, ni woga: akisikia watu wananong'ona, anachelewa kuuachia.

Nikaenda kumkumbatia. Brantley akarudi nyuma hatua.

“Mjomba, Bwana Royce kasema mkono wangu wa tambi, sawa. Lakini hakusogeza mstari. Wewe uliyenisifia mji mzima ndiwe uliyesogeza.”

Nikamwambia mgongo unauma. Akaondoka. Sijawahi kujisikia mdogo hivi.

17 Oktoba, Alhamisi

Darla amepigiwa simu na chuo. Wanamtaka! Kilichobaki ni mbio. Mgeni anarudi kesho kabla ya mechi kumpima mbio za yadi arobaini kwenye uwanja uleule.

Kocha amenipokonya mashine ya rangi. Amempa nani? Royce! Imewekwa nyuma ya duka lake. Na Royce, mtu wa neno lake, amelijaribu vazi la beberu leo. Watoto wanampenda. Nimeshinda dau na anayeshangiliwa ni yeye. Sielewi dunia hii.

Jioni Brantley amekuja na bakuli kutoka kwa mama yake. Tambi. Tumekula pamoja. Akasema ameshanisamehe, ila niahidi kwamba nitamwamini. Nimeahidi kwa moyo wote. Machozi yalinilengalenga.

Somo nimelipata, tena zito. Kosa langu naliona wazi kabisa: zile yadi hazikupaswa kwenda kaskazini. Zilipaswa kukaa katikati. Ncha zote mbili ningezipunguza, na mtoto angesimama popote anapotaka.

Namwamini. Lakini mbio zake nazijua, huyu hukimbia kama mbuzi aliyeshiba. Kesho Royce anavaa beberu saa kumi, na aliye ndani ya kile kichwa haoni pembeni, sembuse nyuma ya duka lake.