Lidude Juu ya Kochi

Habari ilitufikia kwenye simu ya kinyozi, akiwa ameshanyoa mteja upande mmoja.

Kijiwe chetu ni benchi lililo nje ya saluni yake. Yeye tunamwita Wembe, ingawa nywele anazokatwa mtu pale kwa kweli zinang'olewa. Kahawa inauzwa na Dada Birika, mwanamke ambaye akikumiminia kikombe anakumiminia na maneno. Kona ya benchi ni ya Mheshimiwa, mzee aliyestaafu utarishi ofisini. Alibeba mafaili ya wakubwa mpaka akaambukizwa ukubwa. Mimi ninayesimulia nashona viatu hapo pembeni. Watoto wangu wameshakua, kwa hiyo nina nafasi ya kuwacheka wenye watoto wadogo.

"Matokeo!" Wembe akapiga kelele, mashine ya kunyolea ikinguruma hewani. "Matokeo ya kazi za mikono yametoka kwenye kundi la wazazi!"

Nieleze kidogo. Shule ilipofungwa, mwalimu mkuu alitoa agizo: kila mtoto atengeneze kitu kimoja kwa mikono yake, kwa vitu vilivyopo nyumbani, na mzazi akae naye. Wazazi wa mtaa wetu waliyasoma maneno hayo wakaelewa kwamba mtoto akae pembeni. Mshindi angeitwa mbele ya shule nzima siku ya kufungua, yeye na mzazi wake, wasimulie walivyotengeneza pamoja. Basi likizo nzima ilikuwa ni akina baba kununua gundi, na siku chache kabla ya kufungua watoto wakazipeleka kazi shuleni.

"Soma bwana, unatutesa," Mheshimiwa akasema.

"'Mshindi wa kwanza ni kazi hii hapa pichani. Jina la mtoto linafuata.'"

"Kwa nini halijaandikwa hapohapo?"

"Mwalimu mkuu anaandika kwa kidole kimoja, mzee. Jina likiwa refu tutalipata kesho. Haya, tazameni."

Tukainama wote juu ya simu, na mteja naye na shuka lake shingoni.

"Hiki ni nini?" Mheshimiwa akauliza. "Mtu au mzigo?"

"Ni mtu. Si ana macho?"

"Jicho moja kifungo, jingine kifuniko cha soda. Huyo anaona mbele au anaona kesho?"

"Tumbo limeelekea kushoto."

"Shingo iko wapi?"

"Hana. Kichwa kimekuja moja kwa moja mabegani, bila kupitia kokote."

"Na mdomoni kajazwa nini? Miiba?"

"Pini."

"Pini! Mtoto anatengeneza mwanasesere mwenye pini mdomoni, anapewa zawadi! Na mkononi kashika nini, mwiko?"

"Bakora hiyo."

"Mswaki."

Dada Birika akasogeza pua. "Lakini kochi alilokalia ni zuri."

Hapo ndipo tulipoliona kochi, tukatazamana. Kochi lile tunalijua kuliko makochi ya majumbani kwetu. Ni dogo, unalibeba kwapani, lakini lina kitambaa chekundu cha mahameli, vifungo mgongoni, na miguu ya kuchonga iliyopakwa vanishi. Limetengenezwa na Sponji, fundi makochi, ambaye karakana yake inatazamana na benchi letu. Lilikuwa la binti yake wa darasa la tatu. Yaani, binti ndiye angelibeba.

"Sponji akiona hii picha atapasuka," nikasema.

"Mwiteni," akasema Wembe kwa furaha kubwa.

Hatukuwa na haja ya kumwita. Alishaona vichwa vyetu vimegongana, akavuka barabara mbio, nyundo mkononi, mashavu yamevimba kwa ile misumari midogo anayoiweka mdomoni akiwa kazini. Akaitema kiganjani, akaitia mfukoni, ndipo akaongea.

"Nimeshinda?"

"Kochi lako lipo pichani," Wembe akamjibu.

"Nilijua! Shati nimeshapiga pasi tangu jana!"

"Lipo chini."

"Chini kivipi? Nafasi ya pili?"

"Chini ya mshindi. Mshindi kalikalia."

Sponji akainyakua simu. Akaitazama, akaisogeza mbali, akairudisha puani. Sura ya mtu ikibadilika namna ile unatafuta maji ya kummwagia.

"Hili lidude ndilo limenishinda mimi?"

"Wewe au mtoto wako?" Dada Birika akauliza, akimmiminia kahawa.

"Sisi! Mimi na mwanangu! Lile kochi nimelala nalo, nimeamka nalo. Wateja wangu wamekaa kwenye mikeka wakisubiri, mimi nashona mistari ya kochi la wanasesere. Halafu wanakuja kunipandishia juu yake gunia lenye jicho moja!"

"Mawili," Mheshimiwa akarekebisha. "Jingine la soda."

"Na mtoto alifanya nini?" Dada Birika hakuliachia.

"Mtoto gani?"

"Wako. Wakati wewe unashona."

"Alikuwepo. Nilimpa kigoda akae aone ufundi."

"Akaona likizo nzima?"

"Mwanzoni alikuwa anaongeaongea. Baba hiki nini, baba nishike wapi, baba nikuambie ndoto yangu. Mtoto ana maswali yule! Nikamwonyesha kwa mkono akaokote vipande vya vitambaa achezee kule nyuma. Akatulia. Mtoto wangu ana adabu, bwana, unaweza kushinda naye mchana kutwa ukasahau kama yupo."

"Hongera," Dada Birika akasema, na namna alivyoisema, mimi ningeirudisha.

"Ila tusimwonee," Wembe akaingilia. "Sote tumedhulumiwa. Mwanasesere wangu naye hata hakutajwa."

"Yule wa nywele?" nikauliza.

"Nywele halisi! Wanasesere wa dukani hawana!"

"Wembe, ulimbandikia mwanasesere nywele za wateja. Ulizifagia hapo sakafuni. Kichwa kimoja kina mvi, singa, na kipande cha ndevu za muuza mkaa."

"Ndiyo ubunifu wenyewe!"

"Watoto wa chekechea walikimbia. Mmoja alisema mwanasesere ana nywele za babu yake."

"Si za babu yake kweli? Babu yake ni mteja wangu!"

Mteja wa shuka akajishika kichwa, nusu yenye nywele.

"Mimi," Mheshimiwa akasema, akiweka kikombe chini ili hotuba ipite, "nilimtengenezea mjukuu wangu kishada. Kwa heshima na taadhima, kilikuwa kishada cha kihistoria."

"Kilikuwa turubai, mzee," Wembe akamwambia.

"Turubai linadumu."

"Kiliruka?"

"Kilihitaji upepo wa kutosha."

"Kilihitaji kimbunga! Tulikuona uwanjani umekibeba mgongoni, mjukuu anakuambia babu tukiache, unamwambia nyamaza nafanya hesabu."

Tukacheka mpaka benchi likalia. Sponji hakucheka. Alikuwa ameng'ang'ania picha, anaipanua kwa vidole, anaipunguza, anaipanua.

"Tazama mshono huu," akasema. "Huu ni mshono au ni njia ya panya? Na sponji limechungulia kwapani! Hivi huyu mtoto wazazi wake wako wapi? Baba yake yuko wapi?"

"Pengine yuko kazini," nikasema.

"Kazi gani? Wote tuna kazi. Mimi nataka kusimama pale mbele na mwanangu, jamani. Sitaki kingine. Nilipokuwa mdogo hakuna mtu aliyewahi kuja shuleni kwetu kunisimamia, hata nilipovunjika mkono nilirudi nyumbani mwenyewe. Nikasema wangu haitamkuta hiyo. Watu wamwone baba yake yuko hapa, kamshika bega. Leo baba mwingine, baba wa hili gunia, ndiye atasimama!"

Sponji huwa hasemi mambo hayo. Lakini Wembe hapendi moto uzimike.

"Basi waambie," akamchochea. "Kundi si la wazazi? Wewe si mzazi? Rekodi sauti."

"Usirekodi," akasema Dada Birika.

"Rekodi," akasema Mheshimiwa. "Ni haki yako ya msingi."

Mimi nikaacha kiatu nisikilize. Nilitaka arekodi, nakiri bila aibu.

Sponji akatoa simu yake, akakohoa, akabonyeza.

"Ndugu wazazi na walimu, habari za mchana. Mimi ni fundi makochi. Nimeona mshindi, nimesikitika. Lidude lile halina shingo, halina kipimo, tumbo limekwenda safari peke yake. Mimi simlaumu mtoto, mtoto ni mtoto. Namlaumu baba yake. Huyo baba yupo nyumbani au anapita tu? Mtoto anatengeneza kitu kibaya namna hii, baba hasogei kumwambia mwanangu hapa vuta, hapa kaza? Ina maana hakumtazama hata mara moja. Mtoto kaachwa kama kuku. Na baba wa namna hiyo mnataka kumpandisha mbele ya watoto wetu awe mfano? Mfano wa nini? Kama ana haya, siku hiyo asije. Asanteni."

Akatuma. Akashusha pumzi, akanywa kahawa yake yote mara moja.

"Umesema," Mheshimiwa akampa mkono. "Bungeni hawasemi hivyo."

"Nimewapa!"

"Umewapa, umewabakizia!"

Simu ya Wembe ikalia tena. Kidole cha mwalimu mkuu kilikuwa kimefika mwisho wa safari. Wembe akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji.

"'Mshindi ni mwanafunzi wa darasa la tatu, binti yake...'"

Akasita. Akasoma tena kwa macho tu, midomo ikicheza.

"Binti wa nani?" Sponji akadai. "Mtaje nimjue baba yake!"

"'Binti yake fundi makochi wa hapa njia panda,'" Wembe akasoma, sasa kwa sauti ndogo kabisa. "'Kochi lilikuja kama kiti tu cha kazi yake. Mtoto ametueleza kuwa kochi katengeneza baba, na mtu aliyekaa katengeneza yeye mwenyewe kwa mabaki ya karakana. Jina la kazi: Baba ananisaidia kazi ya likizo.'"

Nasema kweli, hata ile mashine ya kunyolea ilizimwa na mtu, sijui nani.

Wembe akaitazama picha, akamtazama Sponji. Akaitazama picha tena.

"Tumbo..." akaanza.

"Nyamaza."

"Lakini linaelekea kushoto kweli."

"Wembe, nitakupiga."

"Kwa heshima na taadhima," Mheshimiwa akasema taratibu, kama anayesoma hukumu, "shingo na wewe huna. Na ile bakora tuliyoiona ni nyundo. Hiyo hapo uliyoishika."

Sponji akaitazama nyundo mkononi mwake kana kwamba mtu kamtegeshea.

"Na pini za mdomoni?" akauliza.

Akajibu Dada Birika, nani mwingine. "Fundi, mimi nakuletea kahawa pale kila asubuhi. Nikikusalimia unaniitikia kwa nyusi. Nikikuuliza sukari unatikisa kichwa. Mimi nimezoea, mimi muuza kahawa. Yule mtoto alikuwa anakusimulia ndoto yake."

"Niliweka misumari mdomoni, ningejibuje?"

"Ungeitema. Si umeitema hapa sasa hivi uulize kama umeshinda?"

Hapo Sponji akakumbuka sauti. Akaibana nyundo kwapani, akaanza kubonyeza simu kwa vidole vyote kumi. "Inafutwaje? Wembe, inafutwaje hii?"

"Wameshaisikia wengi, kaka. Kuna mzazi kaweka vicheko. Kuna mwingine anauliza kama siku hiyo utakuja au utakuwa na haya."

"Mama yake asije akaisikia. Mtoto asije..."

Simu ikatoa mlio mikononi mwake. Ilikuwa sauti kutoka kwa mkewe. Akataka kuisikiliza peke yake, lakini akabonyeza vibaya, tukaisikia sote.

"Baba yake, hujambo huko? Mimi nilikuwa nafua, simu alikuwa nayo mtoto. Sauti yako kaisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Hajalia, usiogope. Kaniuliza, 'Mama, kumbe baba anajua kuongea maneno mengi hivi?' Sasa anairudiarudia. Nimemwambia aiache, anasema ngoja kwanza, bado anaongea."

Sponji aliisikiliza mpaka ikaisha. Akaiweka nyundo kwenye benchi, polepole, akaondoka. Hakuvuka kwenda karakana. Alishika njia ya nyumbani, karakana wazi, mteja mmoja amekaa pale kwenye mkeka anasubiri kochi lake. Mwanzoni alitembea, kisha akawa anakimbia, na mtu asiye na shingo akikimbia ni kichekesho, ila hatukucheka.

"Maskini," Mheshimiwa akasema baadaye.

Wembe akapuliza mashine yake, akajikakamua. "Afadhali mimi. Wangu hata hakufikiria kunitengeneza sanamu."

"Angekutengenezaje?" Dada Birika akamuuliza, akikusanya vikombe. "Sura yako anaijua?"

Wembe akaiweka mashine yake chini. Akamvua yule mteja shuka, akamwambia arudi kesho kumaliziwa upande wa pili, akafunga saluni mchana kweupe.