Kitabu cha Kijani Nilichokiweka Kwenye Dini

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya Liwali!

Mnajua mimi ndiye karani wa maktaba yetu mpya, na ni mimi peke yangu niliyesomea kazi hiyo. (Miezi minne, Nairobi. Cheti nimekitundika ukutani.) Wengine wanajitolea tu, wanakuja kunisaidia kupanga vitabu tulivyopewa na watu. Juzi fundi cherehani mmoja alivipanga kwa urefu, kama watoto wa shule mstarini. Nikapandwa na hasira. Nikatangaza: kuanzia sasa, wa kuamua kitabu kikae wapi ni mimi!

Asubuhi akaja Bi Zuhura wa Nguvumali, anayefundisha watoto Kurani. Akashika kitabu cha kijani kilichoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu.

"Mwanangu, hiki umekiweka kwenye dini?"

"Ndiyo, bibi. Herufi si unaziona?"

"Naziona, na nazisoma. Wewe je?"

(Mimi Mlutheri wa Maramba. Hata alifu siijui.)

"Bibi, kazi hii ina utaalamu wake."

Akakirudisha rafuni.

Saa nne Liwali akafika kuifungua maktaba. Watu wamejaa hadi barazani. Nikataka kuonyesha umahiri. Nikakichukua kile kitabu, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Tafadhali, tusomee maneno machache ya baraka."

Liwali akavaa miwani. Watu wakainamisha vichwa, wengine wakakunjua viganja. Akasoma, kwa Kiswahili safi:

"Mume akikoroma, mgeuze ubavu. Akizidi, mhamishie barazani."

Mtu mmoja nyuma akaitikia, "Amina!"

Maktaba nzima ikaangua kicheko. Liwali akanitazama juu ya miwani. "Dini gani hii, kijana?"

Bi Zuhura akanijibia: "Ni mawaidha ya marehemu shangazi yangu kwa maharusi, Liwali. Nilitaka kumwambia."

Wageni walipoondoka nikamwomba Bi Zuhura radhi, nikamvutia kiti. Tukapitia rafu yote ya dini. Vitabu vinne vingine vilikuwa vya mapishi! Kile cha kijani kikazua ubishi: yeye anasema tiba, fundi cherehani anasema ndoa. Mwishowe wakanigeukia: "Haya, wewe uliyesoma?" Nikawaonyesha kwamba kitabu hukaa mahali pamoja, lakini kadi za kukitafutia zaweza kuwa mbili, moja ya tiba, moja ya ndoa. Wakaridhika. (Angalau cheti hakijashushwa.)

Anayetaka kucheka, tafadhali atoke nje. Humu ndani kelele hazitakiwi.