Biti ya Polepole Iliyoleta Turubai

Jumatatu, 9 Juni
Hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, baridi kali, vidole vimekufa ganzi. Lakini habari ni njema. Mama Imelda, mwenye gesti pale malori yanapopanga foleni, anatafuta mtu wa kupiga bluzi kila Jumamosi kwa ajili ya madereva wa Zambia na Kongo. Hataki bendi. Anataka gitaa moja na biti kwenye spika: ngoma na besi zinatembea zenyewe, mpigaji anaongeza lake juu. Jumamosi atatusikiliza wawili, mimi na Clement. Clement ndiye aliyeninyang'anya gitaa la kwaya. Mwenyewe anadai hakuninyang'anya, eti nilikuwa naachwa nyuma na nyimbo. Ana kiburi sana yule.

Nesta, mke wangu, kanipa sharti kabla hajapanda basi kwenda Mlowo kununua maharage. Nikikosa nafasi hii, gitaa linarudi kwa kaka yake aliyetuazima, nami nakwenda kushinda sokoni na Nesta, kuuza maharage. Nimekubali haraka, maana sitakosa.

Jumanne, 10 Juni
Siku nzima kuchagua biti. Nimepakua kumi na moja. Ya kwanza ina haraka zake. Nilipofika katikati yenyewe ilishamaliza. Ya pili nzuri, ila besi inabadilika kabla sijajiandaa. Ya tatu ina gitaa la mtu mwingine ndani. Hapo nikafurahi: liache lipige, mimi nichezeshe vidole tu. Bahati mbaya huyo mtu anapiga vizuri mno, hakuna atakayeamini ni mimi.

Ya saba ndiyo yangu. Polepole kabisa. Kati ya pigo moja la ngoma na jingine naweza kukohoa na kujipanga upya. Besi inanguruma chini, kinanda cha kikanisa kinalia kwa mbali. Nimeazima spika kubwa ya mwenyekiti wa mtaa nikaiweka mlangoni, nizoee sauti ya ukumbini.

Jumatano, 11 Juni
Tangu asubuhi biti ile ile, ikiisha inajirudia. Nilipiga nimefumba macho, wataalamu ndivyo wanavyopiga. Saa nne nikafumbua. Jirani yetu Mama Ferista alikuwa kwenye mkeka, khanga kichwani, ndoo ya unga pembeni, anafuta machozi. Nyuma yake wanawake sita na mzigo wa kuni. Wanaume wamekaa juu ya matofali yangu, kofia mikononi. Akanipa pole. Akauliza ni nani aliyetutoka.

Ndipo nikaelewa. Spika mlangoni tangu jana, muziki wa huzuni, mke kaondoka ghafla. Mtu wa hapa angewaza nini kama si msiba? Nilitaka kusema ukweli, nakiri. Lakini walikuwa kimya wananisikiliza. Tangu nishike gitaa hakuna aliyewahi kunisikiliza hadi mwisho. Na ndoo ya unga ilikuwa imejaa. Mdomo ukatamka wenyewe kwamba ni mjomba Rabson wa Nakonde. Nilimchagua kwa sababu yuko ng'ambo ya mpaka na hapendi kusafiri.

Mchana mwenyekiti kaleta turubai na mabenchi. Mazoezi safi, mbele ya watu arobaini. Clement atafanyia wapi mazoezi ya namna hii?

Alhamisi, 12 Juni
Nesta karudi. Aliliona turubai tangu barabarani, akatupa gunia la maharage, akaja mbio akipiga yowe na kuliita jina langu. Wanawake wakamdaka. Aliponiona nimekaa na gitaa, mzima wa afya, akanivuta jikoni. Nilipomnong'oneza ukweli akaanza kulia upya, safari hii kwa uchungu zaidi. Kasema aibu hii ni ya nyumba nzima, na nitajua mwenyewe pa kutokea.

Mchana kaja Mama Imelda, kavaa nyeusi. Nikafurahi: mtihani umenifuata nyumbani. Nikaiweka ya saba, nikapiga yote, nikakosea mara mbili tu. Alilia hadi kilemba kikamlegea. Kisha akanishika mkono, akasema hajawahi kusikia gitaa likilia hivyo, na kwamba nafasi ingekuwa yangu. Ingekuwa. Akasema mfiwa hawezi kupelekwa kupigia walevi, mtaa mzima utamsema. Kwa hiyo kazi kampa Clement, moja kwa moja, bila hata kumsikiliza. Nikajitahidi kushukuru.

Ijumaa, 13 Juni
Mpango mpya: kumfufua mjomba. Nitasema simu ilikosewa, habari hazikuwa za kweli, nafasi yangu inarudi. Kabla sijafungua mdomo, mjomba Rabson katokea kwa bodaboda, jogoo kwapani. Kasikia huko Nakonde kwamba kuna msiba kwangu, kwa mpwa wake Enoka, akavuka. Akakaa na wanaume, akalia kidogo, akauliza marehemu ni nani. Mwenyekiti akamjibu ni Rabson wa Nakonde, mjomba wa mwenye nyumba. Akauliza Rabson yupi, maana anawajua wote. Alipotajiwa mama wa marehemu, akakuta ni mama yake mwenyewe, akamweka jogoo chini taratibu.

Nikasimama haraka kutangaza kwamba Mungu ni mwema, mjomba yu hai. Turubai likashushwa. Mama Ferista kabeba ndoo yake pamoja na unga uliobaki. Mjomba kamchukua jogoo wake, kasema atamrudisha siku nitakayokufa mimi.

Jumamosi, 14 Juni
Nimekwenda kwa Mama Imelda kumweleza kuwa msiba umeisha. Alishasikia yote. Kasema mtu anayeua mjomba wake ili afanye mazoezi hamtaki hata jikoni. Ndani Clement alikuwa anapiga kwa biti ya kasi, madereva wote wako juu wanacheza. Imeniuma sana, siwezi kudanganya. Shemeji anakuja kuchukua gitaa mtondo, yaani Jumanne.

Jumatatu, 16 Juni
Bado nina bahati! Asubuhi kaja mzee Nsajigwa kutoka Itumba. Kafiwa na mama yake, bibi wa miaka tisini na sita, wanazika kesho. Alipita hapa Alhamisi, akasikia gitaa langu, na anasema halijamtoka moyoni. Anaomba nikapige makaburini. Ukoo mzima utakuwepo, na mchungaji. Nesta kampigia kaka yake asubiri hadi Jumatano. Kwangu kasema hii ndiyo ya mwisho, nikampigie mzee wa watu kile alichokuja kuomba.

Nimekaa nikatafakari kwa makini wapi nilikosea wiki nzima. Ni biti. Ile ya polepole ndiyo iliyoniponza. Ya kasi ndiyo iliyompa Clement kazi. Sirudii kosa. Ya polepole nimeifuta kwenye simu, nimepakua mpya, ya kasi kuliko zote nilizozipata. Naona kabisa ukoo mzima wa Itumba ukinyanyuka kucheza.