Kichaka Kilichohamia kwa Séverin

Jumamosi, 4 Machi 2006

Baridi kali. Nyasi zote nyeupe kwa umande ulioganda. Chai nimejimiminia mwenyewe, kwa sababu Mwatima, mke wangu wa miaka thelathini na moja, alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni na birika mkononi, akitazama bustani ya jirani. Dakika nne nzima! Nimetazama saa.

Jirani ni Séverin, Mkongo wa Bukavu. Ana miaka mitatu hapa mtaani kwetu Saltley, huku ughaibuni, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo hospitalini. Alipohamia, ua wa nyuma ulikuwa na magodoro mawili na friji bovu. Leo ana kichaka kinachochanua maua ya njano katika baridi hii, wakati mtaa mzima una vijiti vitupu. Mwatima amesema, bila hata kugeuka, kwamba yule bwana ana mkono. Mkono gani? Mimi ninayo miwili.

Nimeamua. Kabla mwezi haujaisha, Mwatima atasimama dirishani akitazama bustani yangu mimi.

Jumapili, 5 Machi

Mpango: kuhamisha mwaridi kutoka kwenye kona yenye kivuli na kuuleta mbele ya dirisha la jikoni. Wiki hizi ndizo za kuhamisha vichaka, kabla havijaamka. Najua hivyo kwa sababu Séverin amehamisha vitatu na vyote viko hai. Sikumwuliza chochote. Sihitaji.

Ardhi ngumu kama saruji. Pigo la tano mpini wa sepetu ukavunjika. Nikasema neno ambalo sitaliandika hapa. Mara kichwa cha Séverin kikatokea juu ya uzio. Yambo, Papa Haroun! Akaniazima sepetu yake, imesuguliwa inang'aa kama sahani ya harusi. Kisha akaomba ruhusa, akaingia, akafanya kazi yote mwenyewe. Dakika kumi! Huku anaimba nyimbo za kanisani.

Mwatima akamtolea mkate wa kumimina. Ule niliokuwa nausubiri tangu alfajiri. Nikabakiziwa pembe iliyoungua.

Jumanne, 7 Machi

Alhamdulillahi! Binti yetu Safiya amejifungua mtoto wa kiume. Mwatima amekwenda kwake Harborne, atakaa karibu wiki mbili. Nimefurahi mpaka nimelia kidogo.

Ila kabla ya kuondoka amemwomba Séverin, si mimi, amwagilie vyungu vyake vya kotimiri. Amempa na ufunguo wa mlango wa pembeni. Nikauliza kwani mimi nina nini. Akanijibu kwa upole, na upole ndio ulioniuma, kwamba kotimiri za mwaka jana zilikuwa mikononi mwangu.

Alhamisi, 9 Machi

Nimekagua bustani. Jambo zito. Kamelia inaumwa.

Kamelia ni kile kichaka cha Mwatima, cha majani mazito yanayong'aa, karibu na bomba la maji. Alikinunua sokoni miaka saba iliyopita, akakipakata ndani ya basi mpaka nyumbani. Tangu siku ile hakijatoa ua hata moja. Si kwamba hakitunzwi! Kila mwaka majani ya miti yakianza kupukutika, mimi mwenyewe huchukua mkasi mkubwa nikakikata duara, safi kama mpira. Mwaka jana tu sikuweza, kwa sababu ya bega. Basi haya ndiyo matokeo: kwenye ncha za matawi kumeota vivimbe. Vya kijani, vimenona, kama ncha ya kidole gumba. Vingi! Nimehesabu mpaka sitini nikasisimkwa na mwili, nikaingia ndani.

Mwatima mwenyewe alisema mwaka jana kwamba kichaka hiki kinakula nafasi bure. Alikuwa amekasirika, lakini alisema.

Saa kumi jioni nikapata wazo. Ugonjwa wa mimea huambukiza. Na uzio una pande mbili.

Mimi si mtu mbaya.

Ijumaa, 10 Machi

Nataka uhakika. Baada ya sala nikamwita Séverin kwenye uzio, nikamwonesha kichaka kwa mbali, kama mtu asiyejali. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Papa Haroun! Hii muti iko na boutons mingi! Mingi kabisa!"

Neno la Kifaransa. Nikaitikia kwa kichwa kama nalijua tangu utotoni, kisha nikatembea haraka mpaka maktaba. Kamusi ilikuwapo. Bouton: kwanza, kifungo cha shati. Pili, chunusi. Chunusi! Nikaifunga kamusi palepale kwa furaha, sikuona haja ya kusoma zaidi. Hata adui mwenyewe kathibitisha.

Njiani nikanunua sambusa mbili. Nikala zote.

Jumamosi, 11 Machi

Imefanyika. Nilimwambia Séverin kwamba tumefikiri, mimi na Mama Safiya, tumeona kile kichaka tumpe yeye, kwa ujirani mwema. Nilitegemea angesita. Hakusita. Macho yakamjaa maji.

"Tangu nilitoka Bukavu," akasema, "hakuna mutu alinipa muti. Kwetu, mutu akikupa muti, amekuambia: kaa."

Nikatazama viatu vyangu. Akaniuliza tena kama kweli Mama Safiya anajua. Nikasema ndiye aliyetoa wazo.

Nataka iandikwe kwamba nilimsaidia. Alifunga matawi kwa kamba, taratibu, kama anamsuka mtoto nywele. Akachimba mtaro kuzunguka, mbali na shina kuliko nilivyodhani, kisha akapitisha sepetu chini mpaka bonge zima la udongo na mizizi likanyanyuka bila kupasuka. Tukaliburuta juu ya shuka kuukuu mpaka kwake, kupitia mlango wa pembeni. Shimo alikuwa amelichimba kwanza, nyuma ya kibanda chake, ambako jua la asubuhi halipigi. Akapanda kwa kina kilekile cha mwanzo, akamwagilia ndoo tatu, akatandaza majani makavu. Mkewe Rosalie akaja, wakashikana mikono, wakakiombea kichaka. Na mimi pia wakaniombea! Kwa jina!

Dhamiri ilinisumbua mpaka wakati wa chai.

Alhamisi, 16 Machi

Kutoka dirisha dogo la bafuni, nikisimama juu ya ukingo wa beseni, naona nyuma ya kibanda cha Séverin. Vivimbe vimekua! Vimekuwa kama ndimu changa. Ugonjwa unaendelea vizuri sana. Kichaka cha maua ya njano kiko hatua nne tu kutoka pale. Nasubiri.

Nimeteleza, nimeumia goti. Si kitu.

Jumapili, 19 Machi

Mwatima amerudi. Harufu ya mtoto mchanga kwenye nguo zake, furaha usoni, picha kumi na mbili kwenye simu. Akaenda jikoni kuweka maji ya chai. Akatazama nje. Nikasema moyoni, leo ataona mwaridi.

Akauliza, "Haroun, kichaka changu kiko wapi?"

Nikasema kiliugua. Nikasema kilijaa chunusi, nikakiondoa kabla hakijaambukiza. Akauliza kimetupwa wapi. Nikasema gari la taka limekichukua. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa kwenye kiti na koti lake mwilini, akasema kwamba kamelia ile aliinunua wiki aliyokufa mama yake, wakati hatukuweza kusafiri kwenda Unguja kumzika. Alitaka kuweka kitu ardhini kwa mikono yake, kwa kuwa mama alitiwa ardhini na mikono ya wengine. Akasema alikuwa ananiambia haya kila mwaka.

Kweli, aliniambia. Kila mwaka, wakati mimi natafuta mkasi.

Chai haikunywewa.

Jumatano, 22 Machi

Mwatima hanisemeshi zaidi ya "chakula tayari". Nimemnunulia kichaka kingine chenye maua ya plastiki yaliyobandikwa ili kionekane kimechanua. Sikujua ni ya plastiki. Yeye alijua.

Nimefikiri kumweleza ukweli. Lakini ukweli utamfanya Séverin aonekane mwema zaidi, na hapo ndipo ninaposhindwa.

Jumamosi, 1 Aprili

Mlango umegongwa saa nne asubuhi. Séverin, shati la Jumapili siku ya Jumamosi, Rosalie pembeni yake, na bakuli la maji mikononi. Ndani ya bakuli yanaelea maua saba. Meupe. Mapana kama kiganja, petali juu ya petali. Sijaona ua la namna ile maishani.

"Mama Safiya," akasema, "muti yenu imefungua. Ni mingi, mamia! Nimeleta ya kwanza kwenu, sababu ni nyinyi mulinipa."

Nilikuwa ngazini. Nikafikiria kurudi juu. Mwatima akanitazama, akatazama bakuli, akanitazama tena. Kisha akamwuliza Séverin, kwa adabu, ni mti gani huo. Maskini yule mtu akaeleza yote. Zawadi. Shuka. Ndoo tatu. Wazo la Mama Safiya mwenyewe. Akaeleza na zile boutons, akifumba vidole na kuvifumbua: matumba! Matumba ya maua! Akasema kamelia huanza kuyatunga tangu kiangazi, na mtu akikata matawi majani yakianza kupukutika, amekata maua yote ya mwaka unaofuata. Akacheka, akasema lazima kuna mutu alikuwa anaikata kila mwaka.

Mwatima akasema ndiyo, alikuwapo mtu.

Akachukua ua moja, akaliweka kwenye kiganja. Akaomba apelekwe akakione kichaka. Hakubadilisha hata viatu. Kutoka bafuni niliwaona: amesimama mbele ya kile kichaka cheupe, mkono mdomoni, na Rosalie amemshika bega. Alikaa pale nusu saa. Mimi alinitazama dakika ngapi mara ya mwisho?

Jumapili, 2 Aprili

Nimekiri kila kitu. Hata kamusi. Mwatima alisikiliza, na nilipofika kwenye chunusi akacheka mpaka akafuta machozi, kisha machozi yakaendelea ila kicheko kikakoma. Akasema amenisamehe kuhusu kichaka, lile gari la taka bado. Nimeona ni haki.

Séverin naye kaambiwa. Nilidhani angenichukia. Kaja na kutaka kukirudisha! Ila akasema si sasa: kimehamishwa juzi tu, kimechanua, mizizi haijashika. Kikiguswa tena kitakufa. Tusubiri mpaka majani yaanze kupukutika, atakileta mwenyewe. Kwa sasa ameng'oa ubao mmoja wa uzio ili Mwatima apite wakati wowote.

Jumapili, 9 Aprili

Mwatima anapita wakati wowote. Jumatatu, mara mbili. Jumanne walikunywa chai na Rosalie chini ya maua. Alhamisi Séverin alimwekea kiti chenye mto. Mto! Jana nimemsikia akicheka kule, kicheko cha zamani, cha Unguja kabla hatujaoana. Mwaridi wangu umetoa majani matatu na hakuna aliyeuliza.

Nimetafakari sana juu ya maneno ya Séverin kwamba kichaka kisiguswe. Nani kayasema? Mtu mwenye kichaka. Faida ya nani kisipoguswa? Ya mtu mwenye kichaka. Namna ya kukihamisha niliiona kwa macho yangu mwanzo mpaka mwisho, haina siri yoyote. Kamba, shuka, ndoo tatu.

Jumanne Séverin yuko kazini mpaka jioni, Rosalie yupo kanisani, na Mwatima atakuwa Harborne kwa mtoto. Uzio uko wazi. Nimepima, bonge la mizizi linapita. Ila kichaka chenyewe kimetanuka sana ubavuni, kwa hiyo kwanza nitakikata duara.