Mahari pa Kukusanyika Wakati wa Moto

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Habari kubwa paredini! Mkuu wa shule ametangaza kwamba Ijumaa Afande Modesta wa Zimamoto anakuja kukagua bweni letu la wasichana. Atachagua mwanafunzi mmoja wa kwenda Musoma wiki nzima kujifunza ukaguzi. Kushika mpira wa maji wa kweli! Kuvaa kofia! Lazima niwe mimi.

Kikwazo ni kimoja: Irine, mwenyekiti wa klabu ya zimamoto, anayetembea kana kwamba kofia tayari anayo. Lakini hana silaha yangu. Mwalimu Emanuel wa kompyuta ameniruhusu kutumia kishikwambi chake chenye akili mnemba baada ya vipindi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepiga picha bweni zima na kuionyesha akili mnemba. Nilianza na shikamoo. Ikaitikia marahaba! Kisha ikaona makosa tisa. Tisa! Mlango wa nyuma umezibwa na matranka. Kanga imeanikwa kwenye waya wa umeme. Mtungi wa kuzimia moto umefichwa nyuma ya mafagio. Nimelala humo miaka mitatu, sijaona hata moja. Yenyewe imetazama dakika moja tu.

Ikanishauri nimwambie matroni leo leo.

Sikumwambia. Mpango ni huu: makosa yabaki palepale hadi Ijumaa, halafu niyagundue mbele ya Afande kwa macho yangu mwenyewe.

Jumatano, 10 Septemba

Kosa la tisa: hakuna bango la kutuonyesha tukimbilie wapi. Hilo moja nimeamua kulirekebisha, maana uwanja mtupu haupendezi mgeni. Nimeiambia akili mnemba kwa sauti, kwa kuwa kuchapa kunanichelewesha. Ikaandika kwa herufi kubwa nyekundu, na mshale juu. Zuri ajabu! Chini ya skrini palikuwa na maneno madogo ya kuniuliza kitu. Sikuwa na muda. Nimelichapisha na kulibandika kwenye nguzo ya goli la netiboli wenzangu wakiwa wanafua. Hakuna aliyeniona.

Alhamisi, 11 Septemba

Aibu! Bango linasema: MAHARI PA KUKUSANYIKA WAKATI WA MOTO.

Shule nzima imehamia pale. Irine ameuliza kwa sauti moto mmoja unatolewa kwa ng'ombe wangapi. Wa kidato cha kwanza wanaitana, "Twende mahari!" Hata matroni wetu, Mama Philomena, amesema kwao Ringwani moto huo ungepata ng'ombe kumi, tena wa maziwa.

Nikakimbilia kishikwambi kulalamika. Yale maneno madogo yalikuwa yanauliza: "Je, ulikusudia mahali?" Nikasikiliza sauti yangu iliyohifadhiwa. Mahari, wazi kabisa. Ulimi wangu wa Kikurya! Mashine haikukosea hata herufi, na kuuliza iliuliza. Nazidi kuiheshimu.

Bango siliondoi. Nikionekana nalibandua, watajua ni langu.

Ijumaa, 12 Septemba

Afande Modesta amefika. Mrefu, buti zinang'aa, sauti ya chini. Naye ana akili mnemba kwenye simu. Anasema inamkumbusha kila kitu cha kukagua, ila waya unaoungua anaunusa mwenyewe, maana mashine haina pua. Nilimpenda papo hapo.

Nikamwongoza hadi mlango wa nyuma. Nikashika kifua. "Afande! Mlango umezibwa!"

Afande akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunguka. Upepo ukapita. Hakuna tranka hata moja! Kanga hakuna. Mtungi unaning'inia ukutani. Kumbe jana Irine naye aliomba kishikwambi, akasoma mazungumzo yangu yote, na leo alfajiri yeye na wenzake wamerekebisha kila kitu. Mwizi!

"Ghati, ulisahau kutuambia," Irine akasema, kwa upole wa kuudhi.

Kisha ikapigwa kengele ya majaribio. Wasichana mia na kumi wakatoka kwa milango miwili wakipiga kelele, "Mahari! Mahari!" Wote walikuwa golini kwa dakika moja na sekunde arobaini. Afande akatazama saa. Akatazama bango. Akauliza, uso mkavu, nani aliliweka pale.

Nikajua ni adhabu. Nikanyoosha kidole haraka: "Ni Irine, afande!"

Irine akafungua mdomo. Kabla hajasema neno, Afande alikuwa ameshampa mkono. Akasema amekagua mabweni mengi, hajawahi kuona bango ambalo kila mtoto analikumbuka.

Irine anakwenda Musoma.

Jumapili, 14 Septemba

Nimelia kidogo. Nimekwenda kanisani. Nimemsamehe Irine kiasi.

Habari njema: Afande atarudi Novemba kukagua jiko, na atachagua mwanafunzi mwingine! Mchana huu nimepiga picha jikoni. Makosa manne! Ndoo ya mchanga wa kuzimia moto imejaa dagaa. Akili mnemba, mpole kama kawaida yake, imenishauri nimwambie mpishi leo leo. Nimeishukuru sana.

Wiki hii imenifundisha. Nilipokosea nimepaona. Safari hii nimeyanakili makosa yote manne kwenye daftari, halafu nimefuta mazungumzo.