Ombi la Kupandishwa Daraja la Kompyuta

Agincourt, Jumanne, 10 Februari 2004

Ndugu Mwenyekiti, Kamati ya Kompyuta za Wazee,

Salaam alaikum. Natumaini u mzima na theluji ya mlangoni umeshaizoa. Mimi Hasanali, karani mkuu mstaafu na mchapaji wa matangazo ya majlisi zetu za kila Alhamisi, nakuandikia kwa mkono, maana kompyuta yangu haitaki.

1. Mlipotugawia kompyuta zenye mfumo wa Linux, kila moja iliandikiwa namba ya daraja la kuwakia. Yangu mkaiandikia tatu: kioo cheusi na maandishi matupu. Ya Mohamedraza mkaiandikia tano, anapata picha, madirisha na kipanya. Bwana huyu huko Tanga alikuwa msaidizi wangu. Nani alimpandisha?

2. Nilimuuliza mpwa wangu Sibtain, fundi kompyuta kule Markham, madaraja yanaishia wapi. Akasema sita. Alikuwa bado anaendelea kusema, lakini mimi nilikwishapata nilichotaka. Nikafungua faili la mipangilio, nikafuta tatu, nikajiandikia sita.

3. Tangu Jumamosi mashine inawaka, inapanda vizuri, ikikaribia kufika inajizima na kuanza upya. Sibtain anadai sita ni amri ya kufanya hivyo hivyo. Nimekataa. Nimefanya kazi ofisini miaka thelathini na moja, sijaona cheo cha juu kabisa kikiwa cha kurudishwa mlangoni. Mashine haijazoea heshima tu.

4. Matangazo ya Alhamisi hayajachapwa, na nasikia kazi hiyo atapewa Mohamedraza. Ndugu, ndiyo kazi pekee niliyo nayo katika nchi hii. Inaniuma sana. Naomba mnifungulie daraja la saba. Likikosekana, Mohamedraza ashushwe hadi sifuri, ambalo naambiwa ni la kuzimwa kabisa. Nasema kompyuta yake, si yeye.

Wasalimie wanakamati wote, Mama Khurshid, na yule aliyeniazima koleo la theluji.

Wako mtiifu, niliyekwama sita,
Hasanali

Tanbihi: Mohamedraza ameingia sasa hivi, amepanda mabasi mawili. Amepitia daraja la kwanza, ambalo kumbe ni la mtu mmoja mwenye mamlaka yote juu ya mashine, akaitengeneza. La kwanza! Ya kwake mwenyewe aliirudisha tatu tangu Desemba, ati picha zinamchelewesha. Ameniona naandika kwa mkono, akajitolea kunichapia barua hii. Nimebabaika, nikamwambia ni ya kumpendekeza apewe cheo. Amelia. Basi naomba mumpe, chochote kile, ila kisizidi changu.